Filamu ya zamani kurudiwa: kaka ana haki, ila si yote

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina ugomvi na kaka yangu, si mkubwa lakini hauishi. Yeye ni mtu wa picha za Kihindi tangu tukiwa wadogo hapa Tanga, na hadi leo ana katoni mbili za kanda za VHS, za Kihindi na za maigizo yetu, hataki mtu aziguse. Akisikia filamu ya zamani inarudiwa anakasirika utadhani katukaniwa mzazi. Anasema hakuna hata moja iliyowahi kurudiwa ikafaa. Mimi nikiwawekea wanangu Sholay, nusu saa wamelala. Nikiwawekea Don ya Shah Rukh Khan hawabanduki. Je, filamu zile kubwa za zamani ni sawa kurudiwa, au ziachwe na heshima zake?

JIBU: Marahaba dada, na salamu zangu zimfikie kaka.

Nianze na hiyo kauli kwamba hakuna iliyorudiwa ikafaa, maana ushahidi wa kuipinga huenda umo ndani ya katoni zake mwenyewe. Mwombe atafute Devdas ya Dilip Kumar. Wapenzi wa picha za Kihindi wa rika lake wakiitaja hiyo hushusha sauti. Nayo ni marudio. Bimal Roy aliiongoza mwaka 1955, karibu miaka 20 baada ya P.C. Barua kuipeleka kwenye sinema hadithi hiyo hiyo ya Sarat Chandra Chattopadhyay, na Bimal Roy huyo ndiye aliyekuwa mpiga picha wa Barua katika toleo la Kihindi. Yaani mtu aliyeshika kamera mara ile alirudi kuifanya upya, na leo ya Barua inatafutwa zaidi na wanafunzi wa filamu. Mwaka 2002 Sanjay Leela Bhansali akairudia tena, safari hii na Shah Rukh Khan, na waliomlilia Dilip Kumar wakanung'unika vile vile anavyonung'unika kaka yako.

Kwa Wamarekani mambo ni hayo hayo. The Maltese Falcon ya Humphrey Bogart, ya mwaka 1941, ni filamu ya tatu kutoka kitabu kimoja, studio ile ile, ndani ya miaka kumi. Ben-Hur ya 1959, ile ya mashindano ya magari ya farasi iliyozoa Oscar 11, ilitanguliwa na ya 1925, na kabla yake ya 1907. Cecil B. DeMille alitengeneza The Ten Commandments mwaka 1923, akairudia mwenyewe mwaka 1956, na hiyo ya pili ndiyo watu wanayoikumbuka. Kwa hiyo mtu anapotetea "ile ya kwanza", mara nyingi anatetea ya pili au ya tatu. Ya kwanza ilishasahaulika kabla hajazaliwa.

Sholay yenyewe je? Kijiji kinaonewa na majambazi, kinaajiri watu wa vita kuja kukilinda. Wazo hilo ni la Akira Kurosawa wa Japani, katika Seven Samurai ya 1954. Wamarekani wakalichukua mwaka 1960, wakalivalisha kofia za wachunga ng'ombe, wakaliita The Magnificent Seven. Kufikia 1975, Salim Khan na Javed Akhtar, walioiandika Sholay, walipokuwa wamelipeleka Ramgarh, kijiji cha filamu hiyo, lilikuwa limezunguka dunia nzima. Na lile tukio la familia ya Thakur, ofisa wa zamani wa polisi anayewaajiri walinzi hao, kuuawa nyumbani kwao, ambalo nina hakika kaka yako analijua picha kwa picha, limekaa karibu mno na tukio la Sergio Leone katika filamu yake ya 1968. Hata Leone naye hakuwa safi: A Fistful of Dollars ya 1964 aliichota kwenye Yojimbo ya Kurosawa bila kuomba ruhusa. Wajapani wakamshitaki, wakapatana, na Kurosawa akawekewa asilimia 15 ya mapato.

Hapo nipite haraka kwenye sheria, kwa kuwa ni swali ninaloulizwa sana na vijana wanaotaka kurudia filamu: wazo la kijiji kuajiri walinzi halina mwenyewe, lakini hadithi yenyewe, wahusika na mazungumzo yao vina mwenyewe. Tanzania tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi inayosimamia hakimiliki, wapo. Omba ruhusa kwa maandishi kabla hujakodi kamera.

Sasa turudi kwenye heshima. Bi Kidude alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akiimba nyimbo za Siti binti Saad. Hakuna aliyesema anamvunjia Siti heshima, tulisema anamrithi. Kwa nini filamu tunaiona tofauti? Nadhani ni kwa sababu ya sura. Wimbo unahama koo hata koo na kila koo lina haki yake, lakini filamu imemkamata mtu mmoja siku moja, na ukilitaja jina la mhusika inakujia sura ile. Gabbar, jambazi mkuu wa Sholay, ni Amjad Khan. Ukinipa mwingine naona umemvalisha mtu nguo za marehemu. Hisia hiyo si ya kudharauliwa, na mrudiaji asiyeijua anakwenda kuumia.

Aliyeumia kuliko wote ni Ram Gopal Varma. Huyu si mwongozaji wa kubabaisha. Alishatoa Satya mwaka 1998 na ilikuwa kazi ya nguvu. Mwaka 2007 akairudia Sholay kwa jina la Ram Gopal Varma Ki Aag, na adui akampa Amitabh Bachchan, yule yule aliyekuwa Jai, mmoja wa walinzi wawili wa kukodi, mwaka 1975. Kwenye karatasi inavutia. Watazamaji waliikataa. Juu ya hapo, wenye Sholay walishakwenda mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Delhi ikaamuru walipwe rupia milioni moja.

Wengi wanasema ilishindwa kwa sababu Sholay haigusiki. Mimi kazi yangu imekuwa chumba cha uhariri, na sioni hivyo. Itazame tena namna Gabbar anavyoingizwa. Kabla hujamwona unasikia buti juu ya jiwe. Kisha unaziona buti, na mkanda wa risasi unaning'inia mkononi mwake, ncha ikikwaruza mwamba anapotembea kwenda na kurudi. Anauliza walikuwa watu wangapi. Wawili. Na watu wake watatu wamerudi mikono mitupu. Anachukua bastola ya risasi sita, anapiga tatu hewani ili zilizobaki zitoshane na vichwa, anaizungusha, anamwelekezea wa kwanza. Tupu. Wa pili, tupu. Wa tatu, tupu. Anaanza kucheka, genge zima linacheka, wale watatu nao wanacheka kwa kudhani wamepona. Halafu anawamaliza wote. Tukio hilo lina dakika kadhaa ambazo mhariri wa leo angezikata nusu, na angekuwa amemuua Gabbar. Linaishi kwa sababu ya pale palipo: majabali matupu, jua, hakuna wa kumkimbilia. Polisi wako mbali, gari moshi linapita mara moja moja. Ndiyo maana Thakur kwenda kutafuta wezi wawili ni jambo la akili.

Varma aliihamishia Mumbai. Mji wenye polisi kila kona, mzee mwenye kisasi anaajiri vijana wawili wahuni kwa nini? Hadithi ililegea hapo, kabla Amitabh hajafungua mdomo. Alibeba vituko vya Sholay akaacha ardhi iliyovizaa.

Don ni habari nyingine kabisa, na nafurahi wanao wanaipenda. Ile ya 1978 iliandikwa na Salim na Javed wale wale: jambazi anakufa, polisi mmoja anamchukua mtu wa kawaida aliyefanana naye, Vijay, anamwingiza kwenye genge. Mwaka 2006 aliyeirudia ni Farhan Akhtar, na Farhan ni mtoto wa Javed. Akabakiza maneno ya polisi wa nchi kumi na moja, akabakiza wimbo wa tambuu ya Banaras, ila sauti ikatoka kwa Kishore Kumar ikaenda kwa Udit Narayan. Mtu aliyeijua ya zamani anakaa kwa raha, anajua kila kinachokuja. Mwishoni ndipo anagundua kwamba kujua kwake ndiko kulikomponza: Don hakufa, aliyekufa ni Vijay, na muda wote tuliyekuwa tukimwonea huruma alikuwa jambazi mwenyewe. Mtego huo haumnasi vizuri mtu ambaye hajaona ya 1978. Kwa hiyo filamu mpya inaihitaji ya zamani ili ifanye kazi. Mimi hayo ndiyo marudio ninayoyaheshimu kuliko yote.

Aina nyingine ninayoitetea ni ya kurudia filamu iliyojeruhiwa. Agneepath ya 1990 ilimpa Amitabh tuzo ya taifa ya uigizaji, lakini kwenye kumbi haikwenda vizuri. Aliikwaruza sauti yake kwa ajili ya mhusika, watu wakalalamika kwamba hawamsikii, ikabidi sauti irekodiwe upya. Yash Johar aliyeitayarisha alibaki na donda hilo. Mwaka 2012 mwanawe Karan akaitoa upya akiwa na Hrithik Roshan, wakaondoa mhusika wa Mithun Chakraborty, wakamleta Rishi Kapoor, mtu wa mapenzi na maua miaka yote, akiwa mfanyabiashara katili wa watoto. Ilijaza kumbi. Kaka anaweza kusema ya 1990 ina moyo zaidi, na mimi sitabishana naye, lakini hawezi kusema imeharibiwa.

Kuna nyakati pia filamu nzuri ina doa ambalo muda umelikuza. West Side Story ya 1961 inahusu vijana wa Puerto Rico mjini New York, na waigizaji wengi wa upande huo walikuwa weupe waliopakwa rangi ya kahawia usoni. Hata Rita Moreno, ambaye kwao ni Puerto Rico kweli, alipakwa. Steven Spielberg alipoirudia mwaka 2021 aliwatafuta wenye asili hiyo na akawaacha wazungumze Kihispania bila maandishi ya tafsiri chini. Moreno alipata Oscar kwa kumcheza Anita. Miaka 60 baadaye Ariana DeBose akapata Oscar kwa mhusika huyo huyo. Kinyume chake ni Gus Van Sant, ambaye mwaka 1998 aliinakili Psycho ya Hitchcock karibu picha kwa picha, ila kwa rangi. Ukimaliza kuitazama unajiuliza huyu alitaka kutuambia nini.

Sasa pale ambapo kaka ana haki. Anaogopa kwamba ya mpya itaimeza ya zamani, na imewahi kutokea hivyo kwa makusudi. Studio ya MGM ilipotaka kutoa Gaslight mwaka 1944 ilinunua haki za ile ya Waingereza ya 1940, ikajaribu kuhakikisha nakala zake zinateketezwa. Chache ziliponea chupuchupu. Ilipotoa Dr. Jekyll and Mr. Hyde mwaka 1941, iliitoa sokoni ya 1931, ambayo wengi wetu tunaiona bora. Siku hizi hawachomi. Jina moja, picha mbili: ukiandika Don kwenye simu anakujia Shah Rukh, na Amitabh umtafute kwa mwaka. Mtoto wa miaka kumi na mbili hatafuti kwa mwaka.

Kwa hiyo msimamo wangu, kaka ausikie vizuri, ni kwamba yeyote mwenye ruhusa na sababu arudie anachotaka, hata Sholay. Nitakachopigania mimi ni ya zamani iendelee kupatikana, ikiwa safi, mahali mtu wa kawaida anaweza kuifikia.

Hata hapo asijione mlinzi wa kitu kitakatifu sana. Mwisho wa Sholay anaoujua, wa polisi kutokea na kumzuia Thakur asimuue Gabbar, haukuwa wa Ramesh Sippy, mwongozaji wake. Alichokuwa amekipiga ni Thakur akimmaliza Gabbar kwa viatu vyenye misumari. India ilikuwa kwenye hali ya hatari mwaka ule wa 1975, wakaguzi wa filamu hawakutaka kuona ofisa wa zamani wa polisi akijichukulia sheria mkononi, ukapigwa mwisho mwingine. Mwaka 2025 nakala iliyokarabatiwa, ikiwa na mwisho ule wa kwanza, ilionyeshwa Bologna, Italia. Miaka 50 watu wametetea mwisho uliotungwa kwa amri.

Kwetu hofu ya kumezwa ni kubwa zaidi, ila chanzo chake si marudio. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Tanganyika kulikuwa na filamu za Kiswahili zilizotengenezwa chini ya serikali ya kikoloni, na katika Muhogo Mchungu steringi alikuwa Rashid Mfaume Kawawa, yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Ni Watanzania wangapi unaowajua walioiona? Tanzania Film Company ilianzishwa mwaka 1968, na miaka ya 1970 ikatoa Fimbo ya Mnyonge, ya kijana anayeuona mji na kuishia kijiji cha ujamaa. Hiyo ningependa irudiwe kesho asubuhi. Kijana wa leo anayerudi kutoka Dar kwenda kulima parachichi Njombe angekutana na maswali mengine kabisa, na watazamaji wangeijadili mpaka kwenye daladala. Lakini ukirudia filamu ambayo watu hawajawahi kuiona, kwao ni mpya tu. Mchezo aliocheza Farhan Akhtar hauwezekani.

Hata za juzi zinaondoka. Kipindi cha Girlfriend ya 2003 na za Steven Kanumba zilizofuata, kazi ilikwenda sokoni kwenye kanda na VCD, na nakala mama ilibaki kwenye kompyuta ya mhariri. Kompyuta ikijaa inafutwa ili kazi nyingine iingie. Hayo nimeyaona vyumba vingi. Wanigeria waliwahi kuchukua hatua: mwaka 2019 Living in Bondage ya 1992 ilipata mwendelezo ulioongozwa na Ramsey Nouah, yule aliyecheza na Kanumba katika Devil Kingdom, na baada yake Rattlesnake na Nneka the Pretty Serpent zikatengenezwa upya. Zimetofautiana ubora, na Glamour Girls ya 2022 ilisemwa vibaya sana, lakini angalau vijana wa Lagos walianza kuwauliza wazazi wao ile ya zamani ilikuwaje.

Na sisi tunaojidai hatupendi marudio tukumbuke tulivyokulia kwenye mabanda ya video. Lufufu alipokuwa akitafsiri picha, sauti moja ilikuwa steringi, adui na mama mkwe, na maneno nusu yake hayakuwamo kwenye filamu. Kenya DJ Afro anafanya hivyo hivyo. Kuna picha za kivita ambazo mimi mwenyewe nikizitazama bila sauti yao naona kama zimepungukiwa. Hayo ni marudio pia, na hakuna aliyeandamana.

Kuhusu wanao: usiwalazimishe Sholay nzima, ni zaidi ya saa tatu na iliundwa kwa watu waliokata tiketi na kutoka nje mapumziko kununua karanga. Igawe mara mbili, usiku mmoja hadi Gabbar anapoingia, umalizie kesho yake. Waambie mapema kwamba ule msemo wa steringi hafi haufanyi kazi humo, ila usiwaambie ni nani. Tafuta nakala safi. Ile iliyonakiliwa mara nne hata mimi ingenilaza. Don bahati mbaya wameshaanza na ile ya 2006, lakini waonyeshe ya 1978 hata hivyo, utawasikia wakibishana nani mkali.

Na kaka, kama anazipenda hizo kanda kama anavyosema, asikatae ziguswe. Tanga ni mji wa unyevu, kanda haina adui mkubwa kuliko huo. Azitazame kwenye kile kidirisha: akiona unga mweupe pembeni mwa mzingo, hiyo ni kuvu, asithubutu kuiingiza kanda hiyo kwenye deki, itakatika na kuchafua deki nzima. Atenge hizo zipelekwe kwa fundi mwenye uzoefu. Zilizo safi azipeleke mbele hadi mwisho na kuzirudisha mara moja kabla ya kuzihamishia kwenye kompyuta, na aziweke zimesimama kama vitabu, si kulazwa. VCD zilizochomwa majumbani azifanye mapema, joto na mwanga vinazila. Ahifadhi nakala mbili, moja kwake na moja kwako. Aanze na maigizo yetu. Sholay ina watu wengi wa kuitunza, lakini maigizo ya Kiswahili yaliyomo humo yanaweza kuwa hayapo kwa mtu mwingine yeyote.